Tata Nkongolo Barnabé na Santuri Zilizokosa Majalada

Mama Mianda, watoto wa marehemu, wazee wa familia iliyotoka Kasai na wazee wa familia zetu za hapa, watumishi wa Mungu, wenzetu tuliovaa nao kofia za kazi, majirani wote mliokaa kwenye kilio hiki tangu Jumamosi, ninawasalimu kwa heshima. Naitwa Kabemba, fundi umeme wa zamani, mimi si wa damu moja na marehemu, lakini familia imenikabidhi karatasi hizi nizisome, kwa sababu nimemjua tangu mwaka 1974, na kwa sababu mjane wake alisema juzi mbele ya wote kwamba mwingine yeyote akisoma atapunguza.

Kabla sijaanza, niseme jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kupitia ukuta, kwamba kwa siku mbili familia hii imegombana juu ya muziki wa leo. Marehemu alikuwa dijei, hawezi kutoka nyumbani kwake kimya, juu ya hilo hakuna aliyebisha, lakini wimbo utoke wapi? Pale mezani, upande wa kushoto, mnaziona platine zake mbili, mashine za kuzungushia santuri, na upande wa kulia mnaziona mashine za kisasa za binti yake Fifi, zinazosoma muziki kwenye flashi. Wimbo ni uleule, kwenye flashi ni safi, kwenye santuri unakwaruza na kuruka. Nusu ya familia inataka usafi, nusu inataka santuri, waliposhindwa kuelewana wakaniachia mimi niamue, na nimeahidi kutoa jibu nikimaliza kusoma. Kila mtu hapa anajua nimekuwa upande gani kwa miaka karibu kumi, upande wa kulia, na nilikuwa na sababu ambayo sijawahi kuisema kwa mtu mwenye haki ya kuisikia. Leo itasomwa mahali pake, pamoja na tarehe yake.

Tata Nkongolo Badibanga Barnabé alizaliwa tarehe 11 Juni 1954 hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, mtoto wa tatu kati ya sita wa Tata Badibanga, aliyetoka Gandajika, kule Kasai, mwaka 1947 akiwa ameandikwa kazi ya kuchimba, na wa Mama Tshibola Agnès, aliyemfuata mumewe kwa treni mwaka mmoja baadaye akiwa na sufuria mbili na kuku mmoja aliye hai. Ninawaomba mshike hilo la kuzaliwa hapa, kwa sababu ilifika siku aliambiwa arudi kwao, na kwao kulikuwa hapa, nyumba ya saba kutoka kwenye bomba la maji.

Alianza shule ya msingi ya mapadre mwezi wa Septemba 1960, akamaliza Julai 1966, na inasemekana kwamba mwaka wake wa mwisho alifungua gramafoni ya padre mkuu bila ruhusa, akairudisha huku skrubu mbili zimebaki mkononi mwake, ikaendelea kuimba, na padre hakuuliza. Mwaka 1967 alipelekwa Likasi kwenye shule ya ufundi, akarudi Julai 1972 na cheti cha umeme, na tarehe 4 Februari 1974 akaajiriwa katika karakana ya umeme ya kampuni yetu ya migodi, ambako alipewa meza moja na kijana mwingine aliyeajiriwa siku hiyohiyo, kijana wa familia iliyotoka Malemba, hukuhuku Katanga, mwenye mdomo mwingi na mikono isiyotulia, na kijana huyo ndiye anayewasomea.

Mwezi wa Novemba 1979 fundi mmoja Mzungu, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, alimwachia Tata Nkongolo platine mbili na kichanganyio cha sauti, na kuanzia hapo kazi ya mchana ikawa ya kampuni na Jumamosi ikawa ya watu. Wengi wenu mlioana kati ya mwaka 1980 na 1992 mlicheza mbele yake. Kulikuwa na madijei wengine wenye spika kubwa kuliko zake, lakini watu walimwita yeye kwa sababu ya utaratibu wake, ambao ni lazima niueleze kwa makini, maana mambo yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Nyuma ya jalada la kila santuri aliandika kwa kalamu, kwa herufi ndogo za fundi, tarehe, mtaa, jina la bwana na bibi harusi, au jina la marehemu ambaye kilio chake kilikuwa kinamalizwa, na nani alisimama wa kwanza kucheza. Santuri iliyofungua harusi ya watu wawili haikufungua harusi ya wengine tena, ilikuwa yao, mtoto wao wa kwanza alipobatizwa Tata Nkongolo alifika na santuri ileile, mzee wao alipozikwa na kilio kumalizwa alifika nayo tena, na watu walikuwa wakilia kabla wimbo haujaanza, kwa kuliona jalada tu. Alikuwa na santuri mia tatu na kumi, na ukitaka kujua nani alimwoa nani katika mji huu, mtu wa Kasai na binti wa Katanga, karani na mchuuzi, hukwenda kwa mkuu wa mtaa, ulikwenda kwake.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Mama Mianda, mshonaji, binti wa karani wa reli, na Mungu akawajalia watoto watatu, Fifi aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1983, Kanku aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1986, na Badibanga mdogo, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 7 Januari 1990. Mimi nilimwoa Ernestine tarehe 18 Septemba 1982, na siku hiyo Tata Nkongolo alivunja utaratibu wake mara moja tu maishani, alitufungulia kwa santuri ambayo yeye mwenyewe na Mianda walikuwa wameifungua miezi tisa kabla, akasema mbele ya watu, "Meza yetu ni moja, na disque itakuwa moja." Jalada hilo lilikuwa na ndoa mbili nyuma yake, ya kwake na ya kwangu, kwa mwandiko mmoja.

Kuanzia mwaka 1990 mambo yalianza kuporomoka, mgodi kwanza, halafu mishahara, halafu maneno ya watu. Sisi tuliokuwa pale tunajua jinsi ilivyokuwa, kwamba mashine zilisimama moja baada ya nyingine, unga ukawa wa kutafutwa, na badala ya kuuliza nani amekula kampuni tukaambiwa na wakubwa kwamba aliyetunyima chakula ni jirani yetu wa Kasai. Nasema tukaambiwa, lakini pia tulisikiliza. Vijana wakaanza kupita mitaani wakiwaita watu wadudu, watu ambao baba zao walichimba mashimo haya, na mwezi wa Machi 1993 ikawa ni kutoka, kila mwenye jina la kule, na nyumba yake ibaki.

Jumatano tarehe 24 Machi 1993, saa sita mchana, Tata Nkongolo alikuja kwangu akisukuma mkokoteni, juu yake platine mbili zilizofungwa kwa blanketi na makasha matatu ya santuri. Mama Mianda alikuwa amekwisha kwenda stesheni na watoto. Alinikuta mlangoni, hakuingia, akasema, "Kabemba, mi siwezi kubeba bintu na batoto, nabeba batoto. Unichungie bile." Nikamjibu kwamba vitu hivyo vitarudi mikononi mwake kama vilivyo. Maneno hayo, kama vilivyo, niliyasema mimi, hakuna aliyenilazimisha.

Familia ilikaa stesheni wiki tatu ikisubiri treni, chini ya mvua, pamoja na maelfu ya watu, na pale stesheni, tarehe 9 Aprili 1993, Badibanga mdogo alifariki kwa kuhara, akiwa na miaka mitatu na miezi mitatu, akazikwa haraka, mahali ambapo marehemu alikuja kupatafuta baadaye bila kupapata. Nilikwenda stesheni mara mbili na unga, mara ya tatu sikwenda, nilikuwa naogopa kuonekana.

Sasa tumefika kwenye tarehe niliyowaahidi. Jumatatu tarehe 29 Machi 1993, siku tano baada ya kupokea mzigo ule, vijana walikuwa wanapita lupango kwa lupango, ua kwa ua, wakitafuta mali za watu wa Kasai, na aliyekutwa nazo alipigwa pamoja na mkewe. Nilifungua makasha na kuona majina, majalada mia tatu na kumi yaliyojaa majina, familia, mitaa, nani alichanganya damu na nani, na katikati yao jina langu. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliwalinda wale watu wa majalada, kwamba orodha ile ingeanguka mikononi mwa vijana wale ingekuwa balaa, na huenda ni kweli, lakini sikumfikiria mtu mwingine yeyote saa ile, nilijifikiria mimi. Niliyatoa majalada yote, nikayachoma nyuma ya jiko, na kwa kuwa makala, yaani mkaa, ilikuwa imetuishia, Ernestine akaweka sufuria juu ya moto uleule tukapika bukari, ugali wetu. Tulikula. Santuri zenyewe nikazitia uchi ndani ya magunia mawili ya mahindi, nikazisukuma juu ya dari, chini ya mabati, na kwa miaka kumi na miwili zilikaa pale, zikisuguana, zikipikwa na jua la mabati, zikimezwa na vumbi la mabaki ya mgodi kule Kingamyambo, linaloingia hata kwenye chumvi. Fundi umeme mwenye cheti! Mtoto wa shule angejua kwamba santuri haihifadhiwi hivyo. Platine nilizichunga vizuri, nilizipaka mafuta kila mwaka, kama mtu anayelisha ng'ombe huku ameua ndama.

Marehemu aliishi Mwene-Ditu, kule Kasai, kuanzia Mei 1993 hadi mwaka 2005, akitengeneza redio na jenereta sokoni, bila platine, bila santuri, na wakati huo huku kampuni ilipunguza wafanyakazi, mwaka 2003, mimi nikiwa mmoja wao. Tarehe 9 Agosti 2005 alirudi Kolwezi na familia yake, akapanga nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Kasulo, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Nilimshushia magunia. Alitoa santuri ya kwanza, ilikuwa imejikunja kama samaki mkavu, akatoa ya pili, ya tatu, na aliponitazama nilimwambia kwamba vijana walikuja mwaka ule wakachukua majalada. Ndugu zangu, mfikirie uongo huo! Mwizi gani anachukua karatasi na kuacha santuri? Nilisubiri anishike shati. Alizirudisha santuri ndani ya gunia, akasema, "Aksanti juu ya kunichungia," akapakia magunia yake akaenda.

Na hapa ndipo ulipoanza ubishi wetu ambao mji mzima unaujua, na ambao umenizeesha. Alizibana santuri kati ya vioo viwili juani, moja baada ya nyingine, mwaka mzima, akaokoa kama mia na arobaini, na hata hizo ziliruka, kwa hiyo juu ya mkono wa sindano akabandika sarafu ya zaire, pesa ambayo haikuwa na kazi nyingine tena duniani, ili uzito wake uishikilie sindano chini. Mwaka 2008 mimi nilipata mashine za kusoma diski, baadaye za flashi, tukawa tunafanya kazi pamoja, na nilimwomba, nilimsihi, nilimpigia kelele aache platine. Nilimwambia kwamba sindano hazipatikani tena hata Lubumbashi, kwamba vumbi la mji huu ni adui wa santuri, kwamba platine mbili na makasha ni mzigo wa watu wanne wakati flashi inakaa mfukoni na nyimbo elfu tisa, kwamba watu wanataka wimbo mzima, hawataki kusikia mayai yakikaangwa. Yote yalikuwa kweli. Yeye alinijibu taratibu, na utaratibu huo ndio ulionikata maini, kwamba santuri inaisha baada ya dakika nne, kwa hiyo inakulazimisha kuinua macho na kuchagua tena, kwamba mtu mwenye nyimbo elfu tisa anatazama kioo cha mashine na hatazami watu, na kwamba umeme wetu ukizimika platine inazama polepole kama mtu anayekaa chini, lakini mashine yangu inakufa mdomo wazi, na ikiamka inaanza upya kama haimjui mtu. Siku ya tarehe 16 Mei 2009 alikubali kujaribu mashine zangu kwenye harusi moja, shingo upande, alisimama pale saa mbili, mikono nyuma, kisha akaniambia, "Kabemba, hapa mi naangalia tu. Kazi iko wapi?"

Harusi zikapungua. Vijana walimcheka, walimwita Tata Kwaruza, na kila sindano iliporuka mbele ya watu nilitoka jasho mimi, siyo yeye. Mlidhani ni aibu ya kazi. Kila mruko ulikuwa ni mkono wangu, moto wangu, dari yangu, na yeye alikuwa akiuita mji mzima kuusikiliza. Nilitaka flashi kwa sababu flashi haikumbuki chochote.

Hata siku aliyoshinda sikukubali. Jumamosi tarehe 22 Agosti 2015 tulikuwa na harusi hapahapa Kasulo, uani kwa familia moja, wakati ambapo kila nyumba ilikuwa inachimba madini chini yake, na katikati ya ngoma spika zilianza kutoa mshindo mwingine chini ya muziki, du, du, usiofuata wimbo. Nilimwambia platine zake zimezeeka. Yeye aliinama, akaweka kiganja juu ya meza, akainua sindano, akasimamisha muziki wakati bibi harusi anacheza na baba yake, akawaambia watu kwa upole watoke wote waende barabarani, kwa sababu sindano ilikuwa inasikia watu wanapiga sururu chini ya miguu yao. Nilimgombeza mbele ya wakwe, nikawasha mashine zangu, ambazo hazikusikia kitu, na hakuna aliyerudi kucheza. Tarehe 26 Agosti, siku nne baadaye, ua ule uliingia ardhini pamoja na choo na nusu ya jiko, na Mungu asifiwe, hapakuwa na mtu. Nilipomwona nilimwambia kwamba ilikuwa bahati tu.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2016, miguu ikivimba na pumzi ikikatika, daktari akasema ni moyo, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 20 Januari 2018. Alhamisi tarehe 1 Februari nilimtembelea mchana, Mama Mianda alikuwa ametoka kuchota maji, tulikuwa sisi wawili. Alinishika mkono, akaniuliza, "Kabemba, uko na neno?" Wapendwa, mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Nikamjibu, "Hapana, nilikuya kukuona tu," nikaanza kumweleza habari ya mashine mpya ambayo hata umeme ukizimika inaendelea. Alifumba macho, akasema, "Bon. Siku ingine." Jumamosi tarehe 3 Februari 2018, saa nne asubuhi, alivuta pumzi yake ya mwisho, akiwa na miaka sitini na mitatu, miezi saba na siku ishirini na tatu, mkono mmoja kwa mkewe na mwingine kwa Fifi. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Jumapili Fifi alifungua sanduku la baba yake kutafuta suti, chini ya suti akakuta majalada. Yameshonwa kwa karatasi ya mifuko ya saruji, kwa uzi wa Mama Mianda, mia tatu na kumi, hata ya zile santuri zilizovunjika, na nyuma ya kila moja, kwa herufi ndogo za fundi, tarehe, mtaa, majina, na nani alisimama wa kwanza. Aliyaandika kutoka kichwani. Mama Mianda anasema alikuwa akiandika kila asubuhi baada ya chai, tangu mwaka 2006, na akisikia sauti yangu mlangoni alikuwa akiyafunika kwa gazeti.

Jana Mama Mianda aliniita pembeni akanipa moja, la santuri ile ya ndoa mbili. Nitalisoma kama lilivyoandikwa. "Nkongolo na Mianda, 12 Desemba 1981. Kabemba na Ernestine, 18 Septemba 1982, Ernestine alisimama wa kwanza. Jalada la zamani lilichomwa na Kabemba, Machi 1993. Ernestine alimwambia Mianda tuliporudi. Tusimsukume, atasema mwenyewe." Chini yake kuna tarehe, 5 Juni 2006.

Miaka kumi na miwili! Nkongolo, nimekuita kichwa ngumu mbele ya mji mzima, na sasa nakuita tena ukiwa umelala hapa. Neno moja tu lingetosha, ungeniuliza mara moja tu, hata kwa hasira, hata kwa ngumi. Wewe ulinisubiri, mimi nilibishana nawe juu ya sindano na flashi na dakika nne, mke wangu anajua, mke wako anajua, sote wanne tunakula meza moja kila Krismasi, na mjinga mmoja tu anadhani ameficha. Nina hasira na wewe, ndugu yangu, na nina hasira zaidi na huyu anayesoma. Nilichoma majalada yako. Nimesema mbele ya wote, nimechelewa kwa siku tano tangu uliponiuliza.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao walimwacha awe na redio yake chini ya mto, ninawashukuru majirani wa Kasulo walioleta viti, maji na unga bila kuombwa, wenzetu wa karakana ya zamani waliochimba kaburi kwa mikono yao, madijei wa mji waliofunga kazi zao siku tatu, na kanisa lililotuimbia. Mama Ernestine, mke wangu, nakushukuru wewe pia, ulisema pale niliposhindwa. Wale ambao majina yenu yamo kwenye majalada, mkitoka makaburini mpite nyumbani, Fifi atawapa kila mmoja la kwake mlisome.

Sasa jibu langu. Fifi, mwanangu, mashine zako ni nzuri, utazifanyia kazi miaka mingi na baba yako alijivunia wewe, lakini leo zizime. Washa platine ya kushoto, weka santuri ya ndoa mbili, na ile sarafu iondoe kwenye mkono, usiibane sindano. Ninyi mtakaobeba jeneza msisimame wala msiharakishe, mwende nayo hivyohivyo. Itaruka, itaruka mara nyingi, na kila itakaporuka, mjue pale ndipo nilipochoma.

Ulale sasa, Nkongolo, upumzike, siku ile ingine imefika na neno lako nimelisema.